Insulini bila friji: jinsi ya kuihifadhi nyumbani Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya

Wako watu katika kaunti zetu walioandikiwa insulini na daktari lakini hawaidungi, na ukiwauliza watakujibu: sina friji. Baadhi yao wamebaki na vidonge ambavyo havitoshi tena. Wengine hupanda boda boda asubuhi na jioni kwenda kudungwa katika kituo cha afya, na mvua ikinyesha au nauli ikikosekana, siku hiyo hakuna sindano. Wapo pia wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaoamini kwamba chupa haiwezi kukaa nyumbani hata siku moja. Mimi hufundisha wagonjwa wa kisukari, na hili ndilo ninalolirudia kuliko yote: kukosa friji si sababu ya kukosa insulini. Kinachohitajika ni kulijua joto la nyumba yako kwa namba, kisha kupanga kufuatana na namba hizo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana hapa hapa Kenya. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na wagonjwa waliolazimika kufika hospitalini kila siku kudungwa, kwa kuwa majumbani mwao hamkuwa na friji. Watafiti walipima joto ndani ya makao hayo wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaliiga joto hilo katika maabara, wakaweka humo aina kadhaa za insulini kwa wiki 4, kisha wakapima nguvu yake. Haikupungua zaidi ya asilimia 1, na haikuwa tofauti na ile iliyokaa kwenye baridi. Matokeo yalichapishwa Februari 2021. Mwaka 2023 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, lilipitia tafiti za aina hiyo pamoja na data za watengenezaji. Likahitimisha kwamba insulini ya binadamu ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa hadi miezi 6 katika joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi miezi 2 katika joto lisilozidi nyuzi 37, bila kupungua nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa. Insulini ya binadamu ndiyo hiyo ya kawaida inayotolewa katika hospitali nyingi za umma: ya maji maangavu, ya ukungu, na ile ya mchanganyiko wa 30 kwa 70.

Hii haina maana kwamba chupa inaweza kukaa popote. Namba 37 ina uzito. Nyumba ya mabati isiyo na dari mwezi wa Februari inaweza kuivuka, na gari lililofungwa juani hulivuka joto hilo upesi sana. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kipimajoto. Nyungu ya udongo ya kupozea dawa itafuata baadaye.

Kwa nini insulini huharibika

Insulini ni homoni, na kwa umbile ni protini ndogo: minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21 na mwingine wa 30, iliyofungamanishwa pamoja. Mwanakemia Mwingereza Frederick Sanger alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1958 kwa kuupata mpangilio wake. Kazi yake mwilini inategemea jinsi minyororo hiyo ilivyojikunja. Joto likizidi, mkunjo unaachia na chembe zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Ni kama yai: likishaiva, hulirudishi kuwa bichi kwa kuliweka mahali pa baridi. Chupa iliyopigwa na jua mchana kutwa haiponi kwa kuingizwa kwenye friji ya jirani jioni.

Joto hufanya kazi hiyo polepole, nguvu ikipungua siku hadi siku. Kuganda huiharibu insulini kwa mara moja. Wenye friji wasiruke sehemu yao huko mbele, kwa sababu insulini huganda majumbani mwao.

Hatua ya 1: Pima joto la nyumba kwa siku saba

Tafuta kipimajoto cha chumba. Vipo vidogo vya kidijitali vinavyoweka kumbukumbu ya joto la juu kabisa na la chini kabisa, na hivyo ndivyo bora, kwani unaweza kwenda shambani au sokoni ukarudi jioni ukakuta saa nane mchana ilikuwaje. Kile cha kupimia homa hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Ukishindwa kununua peke yako, kikundi chenu cha wagonjwa kinaweza kununua kimoja kikazunguka nyumba hadi nyumba, kila mtu wiki yake.

Kiweke pale pale unapofikiria kuweka insulini, kwa kimo kile kile. Joto la juu ya kabati, chini ya mabati, si sawa na la sakafuni. Ukuta unaotazama magharibi hupokea jua la alasiri na hubaki na moto hadi usiku, basi uepuke. Jikoni usijaribu kabisa. Mara nyingi pembe bora ya nyumba ni sakafuni, upande wa mashariki, chini ya kitanda au nyuma ya kochi. Nyumba ya udongo yenye kuta nene huwa na nafuu kubwa kuliko chumba cha mabati matupu; nimeona bibi kijijini Nyakach akiwa na hifadhi nzuri kuliko mjukuu wake anayepanga Manyatta mjini Kisumu.

Andika namba kwa siku saba. Ukipima Julai, pima tena Januari au Februari, kwa sababu Kisumu ya Julai haikuambii chochote kuhusu Kisumu ya kiangazi. Tofauti za miji yetu ni kubwa pia. Kisumu iko kando ya ziwa, mwinuko wa takribani mita 1,130, na mchana wa nyuzi 30 ni jambo la kawaida. Nakuru iko karibu na mita 1,850, na Eldoret juu zaidi, kwa hiyo usiku ni baridi na hata mchana nyumba nyingi hazipati joto kali. Mtu wa Molo asihangaike na nyungu kwa sababu tu shangazi yake wa Ahero anayo.

Sasa soma namba zako. Kama joto la juu halizidi 25, huhitaji kitu kingine: weka chupa ndani ya boksi lake, mbali na mwanga na jua, uendelee na maisha. Likifika kati ya 25 na 30, nyungu itakusaidia. Likipita 30 mchana lakini lisivuke 37, nyungu si hiari tena, na chupa iliyofunguliwa isitumike zaidi ya wiki 4. Mwambie pia mhudumu wako wa kliniki namba ulizopata ili akubaliane nawe juu ya mpango huo. Likivuka 37, hapo mahali hapafai. Tafuta pembe nyingine au nyumba nyingine.

Hatua ya 2: Tenganisha akiba na chupa inayotumika

Wengi huchukua chupa tatu kliniki wakaziweka zote pamoja, ikiharibika moja zimeharibika zote. Nyumbani kaa na chupa unayoitumia, na ikiwezekana moja ya ziada. Akiba iliyobaki iombee nafasi katika friji ya dawa: kituo cha afya kilicho karibu, au kemisti anayekujua. Usiogope kuuliza. Ukikosa kabisa, omba kliniki ikupe dawa ya mwezi mmoja mmoja badala ya miezi mitatu, na hapo rudi kwenye namba za Cochrane: chupa ambazo hazijafunguliwa zina uvumilivu mkubwa kuliko tulivyofundishwa zamani.

Kuna hesabu moja ambayo kliniki nyingi hazikai na mgonjwa kuifanya, nayo inaokoa dawa. Chupa ya kawaida ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayedunga yuniti 40 kwa siku ataimaliza kwa siku 25, kabla muda wake haujaisha. Lakini anayedunga 20 kwa siku, katika siku 28 atakuwa ametumia 560 tu. Mtoto wa yuniti 12 atatumia 336, na theluthi mbili za chupa zitamwagwa, au mbaya zaidi, zitaendelea kutumika hadi mwezi wa tatu. Mtoto huyo anafaa kupewa vile vichupa vidogo vya mililita 3 vinavyoingia kwenye peni, yaani kalamu ya kudungia insulini, vyenye yuniti 300 kila kimoja. Kimoja kitamtosha siku 25. Mzazi, fanya hesabu hii nyumbani, uandike kwenye karatasi, umwonyeshe daktari. Kama kliniki yako ina peni, una haki ya kuuliza kama mtoto anaweza kupewa.

Hatua ya 3: Tengeneza nyungu

Nyungu haifanyi miujiza. Maji yanayopenya kwenye udongo hukauka juu yake, na yanapokauka huondoka na joto. Kwa hiyo inahitaji vitu vitatu: udongo unaopitisha maji, hewa inayopita, na hewa yenyewe isiwe imejaa unyevu. Ukikosa kimoja, una chombo cha udongo tu.

Nunua mbili za udongo mtupu, zisizong'arishwa wala kupakwa rangi ya mafuta. Kwenye soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili utazipata za kila ukubwa, na akina mama wanaouza watakuelewa upesi ukiwaambia unataka ya kupoza maji, ile ambayo kwa Kijaluo huitwa dapi. Ya ndani iingie kwenye ya nje na kubaki na nafasi ya vidole vitatu hivi kuzunguka. Kabla ya kitu kingine, jaza ile ya nje maji uiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa inatoa jasho kwa nje, ni nzuri. Ikiwa kavu kabisa, irudishe au ipande maua.

Safisha mchanga wa mto kwa maji hadi uache kutoa tope, kisha weka kiasi chini ya nyungu kubwa, simamisha ndogo juu yake, na ujaze mchanga pande zote. Mwaga maji kwenye mchanga hadi ulowe wote, ila usielee. Funika mdomo kwa kitambaa kizito kilicholowa, leso kuukuu au kipande cha gunia. Insulini yenyewe isiguse udongo: itie ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kwa sababu unyevu hupenya, lebo hubanduka, na siku moja utashindwa kujua ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Kikopo hicho huzuia sisimizi pia.

Mahali pa kuiweka ndipo wengi hukosea. Huificha kabatini au chini ya kitanda kilichofunikwa hadi chini, ambako hewa haitembei, kisha wanalalamika kwamba haipozi. Iinue juu ya mawe matatu au kigoda ili upepo upite hata chini yake, kivulini, karibu na dirisha au mlango, mahali ambapo mtoto na mbuzi hawatafika. Ongeza maji asubuhi na jioni. Kiangazi, ongeza na mchana.

Kisha usubiri. Weka kipimajoto ndani kwa siku mbili kabla ya insulini kuingia, na ulinganishe na joto la chumba. Nakuru, ambako hewa ni kavu zaidi, utaona tofauti kubwa. Kisumu, Busia na Homa Bay hewa ya ziwa ina unyevu mwingi, hasa asubuhi na wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na nyungu itashusha nyuzi chache tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima nyungu na vifaa vingine vya kupoza kwa uvukizi kutoka nchi mbalimbali, ukaona vinashusha joto kweli, na zaidi pale hewa ilipokuwa kavu. Bahati yetu ni kwamba siku za unyevu mwingi mara nyingi ni siku za mvua, na jua huwa limepungua makali.

Usitarajie nyuzi 4 za friji. Unachotafuta ni kuondoa kilele cha joto la saa nane mchana, na hicho nyungu ya kawaida inakiweza. Anayeishi chumba kimoja asicho na nafasi ya nyungu mbili anaweza kusimamisha kopo la bati ndani ya beseni lenye maji ya vidole viwili, akalizungushia taulo ambalo ncha zake zinagusa maji. Taulo hunyonya na kukauka mchana kutwa. Lipime vile vile.

Hatua ya 4: Andika tarehe kwenye chupa

Siku unayofungua, andika tarehe kwenye lebo ya chupa kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu boksi hupotea. Andika na tarehe ya kuitupa. Aina nyingi huruhusiwa kutumika wiki 4 nje ya friji baada ya kufunguliwa, nyingine hadi wiki 6 kama joto ni la chini; karatasi iliyo ndani ya boksi itakuambia ya kwako. Ukiwa na shaka, shika wiki 4.

Hatua ya 5: Iangalie kabla ya kuvuta

Kila mara, hata kama una haraka. Insulini ya maji maangavu lazima iwe safi kama maji ya kunywa. Ikiwa na ukungu, rangi ya njano au nyuzinyuzi, usiitumie. Ile ya ukungu na ile ya mchanganyiko zinatakiwa kuwa nyeupe kwa usawa baada ya kuzungushwa polepole baina ya viganja mara kumi hivi. Usiitikise kwa nguvu, kwa kuwa mtikiso nao huzishikanisha chembe na povu hupotosha kipimo. Ukiona mabonge yanayokataa kuchanganyika, chembe zilizoganda kwenye kuta za kioo, au tabaka jeupe linalobaki chini, chupa hiyo imekwisha.

Jicho lina mipaka yake lakini. Insulini inaweza kupoteza nguvu bila kubadilika sura, na ndiyo sababu hatua ya mwisho ya mwongozo huu ni ya kipimo cha sukari.

Mwenye friji, au anayeweka kwa jirani

Friji ndogo za mlango mmoja zina sehemu ya barafu juu, na sahani ya nyuma hupata ubaridi mkali. Chupa iliyosukumwa nyuma huganda usiku, inayeyuka mchana mlango unapofunguliwa, na mgonjwa hatajua. Insulini iliyoganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Iweke kwenye rafu ya mlangoni au katikati, ndani ya boksi lake, na isiguse ukuta wa nyuma. Jaribu kwanza kwa glasi ya maji yenye kipimajoto ndani: iache usiku, asubuhi usome. Unataka kati ya 2 na 8.

Jihadhari zaidi na friji ya duka. Mwenye duka hupenda soda iwe na vipande vya barafu, na wateja wake pia. Akikuwekea insulini humo kwa wema wake, amekuharibia. Mshukuru, lakini beba nyumbani kwenye nyungu.

Stima ikipotea, usikimbilie kununua barafu. Funga mlango wa friji usiufungue. Kwa yote tuliyoyaona kutoka Dagahaley, saa chache au hata siku mbili za joto la kawaida la chumba hazitaiharibu dawa yako. Barafu iliyogusana na chupa ina hatari kuliko kukosa stima.

Hatua ya 6: Safarini

Kutoka Kisumu hadi Nakuru kwa matatu ni saa kadhaa, na foleni ikikukuta Kericho au Mau Summit ni zaidi. Insulini isafiri nawe, kwenye mkoba wa mkononi, chini ya kiti chako penye kivuli. Usiiweke buti, ambako mizigo hupikwa, wala juu ya dashibodi karibu na dereva, wala mfukoni mwa shati linalogusa mwili. Chupa ya chai ya kuhifadhi joto iliyosafishwa na kupozwa kwa maji baridi, ikakaushwa, hubeba insulini vizuri kwa siku nzima. Ukitumia kipande cha barafu, kifunge kwa taulo mara mbili ili kisiguse dawa. Anayeendesha boda boda asiiache ndani ya boksi jeusi la pikipiki juani, na mvuvi anayelala ziwani abebe ile inayotumika tu, ndani ya kopo lisiloingiza maji, akiba ibaki nchi kavu.

Kama mko wawili, mwenzako abebe nusu ya vifaa vyako, nawe beba kila mara kitu chenye sukari.

Wanaoishi Budalang'i, Nyando na uwanda wa Kano wanajua kwamba safari nyingine haipangwi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa watu usiku. Mvua za masika zikianza, weka tayari kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana: insulini, sindano, glukomita na stripu zake, glukosi ya paketi, kadi ya kliniki, na karatasi iliyoandikwa dozi yako kwa herufi kubwa. Yeyote katika nyumba ajue lilipo.

Hatua ya 7: Acha kipimo cha sukari kiwe shahidi

Ndani ya daftari lako la sukari, weka alama siku unayofungua chupa mpya. Ni mstari mmoja tu, lakini utakuonyesha jambo ambalo hakuna nyungu wala friji itakayokuonyesha. Kama sukari inapanda polepole kadiri chupa inavyozeeka, na inashuka kila unapofungua mpya, wakati chakula na dozi ni vile vile, basi hifadhi yako ina kasoro. Rudia kupima joto.

Sukari ikipanda ghafla, tafuta kwanza sababu za kawaida: umekosa sindano, umekula zaidi, una homa au kidonda, unadunga mahali pale pale hadi ngozi imekuwa ngumu. Kisha fungua chupa nyingine. Hapa nawasihi jambo moja kwa nguvu zote: msiongeze dozi kufidia insulini mnayoshuku imechoka. Ukizoea kudunga yuniti 30 za dawa iliyopungua nguvu, siku utakayofungua chupa nzima yuniti hizo 30 zitakuangusha. Mikono itatetemeka, jasho litakutoka, moyo utaenda mbio, akili itachanganyika. Kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4.0 (mmol/L), kunywa mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, upime tena baada ya dakika 15, na urudie kama haijapanda. Ikishapanda, kula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali.

Upande wa pili, sukari ikiwa juu sana pamoja na kiu kisichokatika, kukojoa kila wakati, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, au pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva, hiyo ni sumu ya asidi inayotokana na upungufu wa insulini. Haitibiwi nyumbani. Nenda hospitali usiku huo huo, iwe Jaramogi pale Kisumu, ambayo wengi bado tunaiita Russia, iwe ya kaunti Nakuru au Kakamega, iwe Moi kule Eldoret, ila anza na iliyo karibu. Na kwa kuwa tunaishi katika ukanda wa malaria, mtoto anayetapika na kuhema hufikiriwa malaria kwanza. Mwambie muuguzi mlangoni kwamba ana kisukari na anadunga insulini. Kama hajagunduliwa bado lakini anakunywa maji kupita kiasi na amekonda, omba apimwe sukari kidoleni. Tone moja la damu, na jibu hutoka ndani ya sekunde chache.

Siku ya kliniki nenda na daftari la sukari, zile namba za joto za siku saba, na chupa yenyewe unayoitumia hata kama imebaki kidogo. Muuguzi akikuambia bila friji hutapewa dawa, mfungulie ukurasa wa joto la nyumba yako na la ndani ya nyungu, umweleze kuhusu Dagahaley, na uombe mwone pamoja na daktari ni chupa ngapi unaweza kubeba.